Nguzo Iliyoanguka Kabla ya Kupigwa

Theluji ya kwanza kuiona maishani niliitengeneza mwenyewe. Ilikuwa Riyadh, ndani ya jumba kubwa la maduka, nyuma ya ukuta wa kioo. Upande mmoja wa kioo watu walinunua manukato na viatu. Upande wa pili familia zilikodi makoti na kuteleza kwenye mteremko usiozidi urefu wa ghorofa mbili. Mimi nilikuwa fundi wa mitambo ya baridi. Kwetu Kondoa nilikuwa nikitengeneza friji za wauza soda na majokofu ya bucha, na mkataba ulionipeleka Saudia ulisema nitahudumia viyoyozi. Nilipofika ndipo nikaambiwa kazi yangu ni kuhakikisha theluji haiyeyuki, wakati nje lami ilikuwa inalainika kwa joto.

Ilikuwa miaka ile mambo yalipokuwa yakibadilika haraka. Sinema zilikuwa zimefunguliwa, wanawake walikuwa wameanza kuendesha magari, na kwenye dirisha letu la tiketi walikaa wasichana wa Kisaudi ambao mama zao hawakuwahi kupokea mshahara. Kila mwezi tulisikia mradi mpya. Mmoja wa miradi hiyo ulikuwa wa kujenga mahali pa kuteleza juu ya milima ya kaskazini, kwenye theluji ya nje, na bosi wetu akataka kampuni yake iwe na watu wanaoijua theluji ya Mungu, siyo ya mashine tu. Alikuwa Msaudi kijana aliyesoma ng'ambo, mpole, mwenye haraka. Aliamua kuwapeleka watu watatu kwenye mafunzo ya wiki mbili katika milima ya Georgia, nchi ambayo mtu mwenye ikama, kibali cha ukaazi cha Saudia, aliweza kuingia bila usumbufu wa viza.

Watatu hao tulikuwa mimi, Msaudi mmoja wa Abha aliyekuwa msimamizi wa zamu, na Mkenya wa tawi letu la Jeddah. Mkenya huyo alikuwa mtu wa upande wa Eldoret, mrefu, mwembamba, aliyewahi kukimbia mbio ndefu kabla goti halijamkatalia. Jeddah alikuwa mtoa huduma ya kwanza kwenye jumba la theluji kama letu. Mkewe alikuwa muuguzi katika hospitali moja kule kule. Tulikuwa tumezoeana kwa simu tu, tukipigiana kuulizana habari za mashine na za watu walioteguka viungo.

Siku mbili kabla ya safari alikuja Riyadh akalala chumbani kwangu, karibu na Batha. Tulizunguka maduka ya Batha tukitafuta soksi za sufu na glavu nene. Muuzaji alituuliza tunakwenda wapi, na Mkenya akamweleza kwa Kiarabu chake cha kazini kwamba tunakwenda kusoma theluji. Yule muuzaji alirudia neno hilo mara mbili, akatuongezea jozi moja ya soksi bure. Jioni hiyo tulikula pamoja, akanionyesha picha za mkewe akiwa kwenye gari la shule ya udereva. Nilimpenda mtu yule. Nalisema hili mapema kwa sababu yanayofuata yanaweza kumfanya msomaji adhani sikumjali.

Mwalimu wetu alikuwa mwanamke wa makamo, mwenyeji wa milima ile, uso wake umekaushwa na jua na upepo. Alitufundisha kwa Kiingereza chepesi. Siku ya kwanza hakutupa hata dakika moja ya kuteleza. Alitupa machepe akatuambia tuchimbe shimo mpaka tufike ardhini. Tulichimba mpaka theluji ikatufika kifuani, kisha akatutaka tulainishe ukuta wa shimo upande wa mlimani, tuutazame.

Hapo ndipo nilipojua kwamba theluji ni kama ukuta uliojengwa na mafundi wengi wasiosemezana. Kila iliponyesha iliacha tabaka lake. Alitufundisha kuyapima kwa mkono: tabaka linaloingia ngumi nzima ni laini sana, linaloingia vidole vinne ni gumu kidogo, kisha kidole kimoja, kisha penseli, kisha kisu tu. Tulichota chembe kwa kadi nyeusi tukazitazama kwa lenzi. Chembe za juu zilikuwa na matawi kama manyoya. Chini kabisa, karibu na ardhi, tulikuta chembe kubwa zenye kona, zisizoshikana, zikitiririka kwenye kiganja kama sukari. Mwalimu alisema hiyo ndiyo ya kuogopa. Theluji nzito ikikaa juu ya sukari ile kwenye mteremko, ni kama kabati lililowekwa juu ya gololi.

Kisha akatufundisha kipimo cha nguzo. Unakata nguzo ya theluji ya mraba ukutani, upana kama wa blanketi la mtoto lililokunjwa, ukiitenganisha pande zote kwa msumeno mwembamba. Unalaza bapa la chepe juu yake, unalipiga kwa mkono: mara kumi kwa nguvu ya kifundo cha mkono, mara kumi kwa nguvu ya kiwiko, mara kumi kwa nguvu ya bega. Unahesabu. Namba ambayo nguzo inakatika ndiyo unayoiandika. Namba kubwa ina nafuu, namba ndogo ni onyo. Na nguzo ikianguka kabla hujaipiga, wakati bado unaikata, hilo ni onyo kubwa kuliko yote.

Mimi siku ile nguzo yangu ilianguka, lakini kwa uzembe. Niliiegemea kwa kiwiko. Mwalimu aliona, akaniambia nichimbe upya, na ya pili nikaikata kombo, nikachimba ya tatu huku wenzangu wakinywa chai kwenye theluji wakinitazama. Msaudi wa Abha alisema kwa utani kwamba Kondoa hawajawahi kukata keki. Tulicheka sote. Lakini mimi nilikuwa na miaka zaidi ya kumi ya ufundi mikononi, na kicheko kile kilinikaa.

Kila jioni mwalimu alikagua madaftari yetu. Jambo moja alilirudia hata tukalizoea: tuandike tulichokiona, si tulichotarajia kukiona.

Mchana tulifanya mazoezi ya kutafutana. Kila mtu alivaa kifuani kifaa kidogo kinachotoa mawimbi. Mtu akifukiwa, wengine wanageuza vya kwao vipokee, wanafuata namba zinazopungua mpaka juu yake, wanachoma theluji kwa ufito mrefu mpaka uguse mwili, kisha wanachimba. Mwalimu alisema robo saa ya kwanza ndiyo ya kumkuta mtu hai, na kila dakika baada ya hapo inamdai. Alificha mifuko yenye vifaa chini ya theluji, tukaitafuta tena na tena. Katika hilo nilikuwa mwepesi kuliko wote. Mkenya alinisifia mbele ya mwalimu, akasema akifukiwa anataka nimtafute mimi.

Siku ya mwisho ya mafunzo tulitakiwa kuongoza wenyewe. Kulikuwa na kundi lingine la wanafunzi wenyeji, na mwalimu alikwenda kwenye shimo lao upande wa pili wa ukingo, akituachia mteremko mmoja mdogo. Kazi yangu ilikuwa shimo. Msaudi alipima pembe ya mteremko, Mkenya alichora njia ya kuvukia.

Usiku uliotangulia ulikuwa wa upepo, na asubuhi ile baridi ilikuwa na meno. Glavu zangu zilikuwa zimelowa jana yake zikaganda. Nilichimba vidole vikiwa havina hisia. Nilifika kwenye sukari, nikalainisha ukuta, nikaanza kukata nguzo. Nilikata upande wa kushoto, nikakata wa kulia. Nilipoingiza msumeno nyuma, kabla sijafika chini, nguzo yote ya juu ilichomoka ikateleza ikaanguka miguuni pangu.

Niliitazama. Nilijua maana yake ingekuwa nini kama nimekata vizuri. Lakini wazo la kwanza kunijia lilikuwa kwamba nimeigusa tena kwa goti. Sikumbuki kuigusa. Nimekaa miaka na asubuhi ile, na goti langu silioni popote karibu na nguzo. Ila wakati ule nilichoona ni vikombe vya chai na watu wakinitazama nikichimba mara ya pili na ya tatu. Juu yangu Msaudi alikuwa akipigapiga miguu kwa baridi, akiuliza kama nimemaliza. Siku iliyotangulia, kwenye mteremko wa jirani, nilikuwa nimepata ishirini na nne, kipimo kizuri, na mwalimu alikuwa amekisifu.

Nililifungua daftari nikaandika ishirini na nne.

Mwalimu alituita kwenye redio, akauliza kipimo. Nikamtajia. Akauliza kama nimekiona mwenyewe. Nikasema ndiyo. Akasema basi tuvuke mmoja mmoja, kama alivyotufundisha, wengine wakimtazama anayevuka.

Mkenya alitangulia. Kila mara alikuwa akitangulia. Alisema miguu yake haikuzoea kungoja. Alikuwa katikati ya mteremko niliposikia sauti ya chini, nzito, kama godoro la sufi limeangushwa sakafuni. Ufa ulipita juu yake kutoka kushoto kwenda kulia, kwa wepesi kuliko jicho, na mteremko mzima ukavunjika vipande vipande kama sahani, ukaondoka naye. Hakupiga kelele. Nilimwona mpaka magoti, mpaka kifua, kisha mkono mmoja, kisha vumbi jeupe lililoteremka mpaka kwenye korongo dogo chini.

Nilifanya nilichofundishwa. Niligeuza kifaa changu, nikamwamuru Msaudi ageuze chake na apige redio, nikateremka kwenye mabonge nikianguka na kuinuka. Namba zilianza kupungua. Nilipiga magoti, nikasogeza kifaa juu ya theluji mpaka namba ikafika chini kabisa, nikachoma ufito. Mara ya kwanza hakuna. Mara ya pili ulikita kwenye jiwe. Mara ya tatu uligusa kitu kilichobonyea. Tukachimba.

Sasa niseme jambo ambalo sikulisema kwa mtu yeyote kwa muda mrefu. Nilipokuwa nachimba, mikono ikienda kwa nguvu zote, wazo lilinipitia kichwani: kwamba uongo wa namba ile naujua mimi peke yangu, na nguzo iliyoanguka imeshakanyagwa. Lilipita haraka na mikono yangu haikupungua kasi. Lakini lilipita, na lilikuwa langu.

Tulimkuta amelala ubavu, midomo ya buluu, theluji imejaa kinywani. Msaudi alimtoa theluji ile kwa vidole, akimwita. Akakohoa. Mwalimu alikuwa amefika akitweta, akatazama saa yake akasema dakika tisa. Mkenya alifungua macho, akanitazama mimi, akajaribu kusema kitu, kisha maumivu yakamfikia. Mguu wake wa kulia ulikuwa umegeuka vibaya. Korongoni kulikuwa na mwamba, na theluji ilikuwa imembamiza hapo. Nyonga na mfupa wa paja vilikuwa vimevunjika.

Jioni, alipokuwa hospitalini akifanyiwa upasuaji, mwalimu aliketi nami akalifungua daftari langu. Aliitazama ile ishirini na nne kwa muda. Aliniuliza tena, kwa sauti ya chini kuliko ya redio, kama niliiona kwa macho yangu. Ilikuwa nafasi ya pili niliyopewa siku hiyo, nikaikataa kama ya kwanza. Akaandika kwenye taarifa yake kwamba theluji hubadilika hata kwa hatua chache, kwamba shimo moja halisemi habari za mteremko mzima. Hilo ni kweli kabisa. Ukweli huo ukawa pango langu la kujifichia.

Riyadh walinipokea kama shujaa. Bosi alikusanya wafanyakazi wote kwenye ukumbi wa makoti, akasimulia nilivyomtafuta mwenzangu, nilivyochimba. Picha yangu ikabandikwa karibu na mlango. Akanitoa kwenye mitambo akanifanya msimamizi wa usalama, mtu wa kuwafundisha wapya. Nikawafundisha. Nilisimama mbele ya Wafilipino, Waganda, wasichana wa Kisaudi, nikawaambia waandike walichokiona si walichotarajia kukiona. Waliandika. Mimi nikawapa mapumziko.

Mkenya alirudishwa Jeddah. Mkewe alihama kutoka nyumba za wauguzi za Al-Baghdadiyah, wakapanga mtaa wa Bani Malik ili wakae pamoja. Mumewe aliwekewa chuma nyongani, akafanyiwa upasuaji wa pili, akaanza kutembea chumbani kwa magongo. Alinipigia simu kila baada ya wiki mbili tatu. Kila simu aliimaliza kwa kunishukuru. Nilikuwa nikiona jina lake kwenye simu naiacha iite, halafu nampigia saa ambayo najua amelala.

Ukapita karibu mwaka. Kisha akapiga mkewe. Hakuwa na hasira. Alisema, "Shemeji, mbona umetupotea? Huyu ndugu yako kila siku ni wewe tu anakutaja. Hata nikuone nikushukuru kwa macho, hakuna?" Nikamwambia kazi zimenibana. Wiki ile ile bosi akanituma Jeddah kukagua tawi, na nikaona hakuna tena pa kukimbilia.

Nilifika Bani Malik Jumamosi asubuhi. Walikaa ghorofa ya tatu, jengo la zamani lisilo na lifti, ngazi nyembamba zenye harufu ya vitunguu na nguo mbichi. Mkewe alinifungulia akanishika mikono yote miwili. Alikuwa amepika ugali, mboga na samaki, akaniketisha mahali pa mgeni. Mkenya alikuwa amenenepa usoni na kukonda miguuni. Alinitania kwamba ukubwa umenivimbisha tumbo. Nilikula. Kila tonge lilikuwa zito, na mama yule kila nilipotua aliniongezea.

Siku hiyo Mkenya alikuwa na miadi ya mazoezi ya mguu kliniki. Kwa kawaida wanaume wawili wa duka la chini walimsaidia kushuka, lakini duka lilikuwa limefungwa. Nikasema nitambeba. Mkewe akatangulia kuleta gari karibu na mlango. Alikuwa na leseni, na tangu mumewe aumie yeye ndiye aliyekuwa dereva wa nyumba. Nilimchukua mgongoni, mikono yake shingoni kwangu, magongo nimeyashika mkononi. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyotarajia. Alikuwa akiniambia kwa utani kwamba hii ni mara ya pili namtoa mahali.

Tulipofika ghorofa ya pili nilisimama. Nilimketisha kwenye ngazi nikaketi kando yake. Alidhani nimechoka. Nikamwambia sikuchoka. Nikamwambia kwamba ile ishirini na nne sikuipima. Kwamba nguzo ilianguka wakati naikata, nikadhani nimeigusa, nikaona haya kuchimba tena, nikaandika namba ya jana. Nilisema yote kwa sentensi fupi, nikitazama ukuta.

Chini tulisikia mkewe akizima gari. Nilitarajia anitukane. Alichouliza kilikuwa swali la darasani.

"Ilianguka kuelekea wapi?"

"Bondeni," nikasema.

"Mahali ilipokatika palikuwa aje? Pamekwaruzika ama laini?"

"Laini. Kama meza."

Alivuta pumzi kwa pua, akaitoa polepole. Ungeweza kusema anapima kitu. Mtu akiangusha nguzo kwa goti, hukatika ovyo, kwa kona na makombo. Sote wawili tulifundishwa hilo siku moja, kwenye shimo moja.

"Basi ilikuwa imeshakuambia," akasema. "Ilikuambia hata kabla uulize."

Akaniambia nimbebe, mkewe anangoja. Alinishika shingo kama mwanzo, lakini hakusema tena neno mpaka chini. Nilipokuwa namwingiza kwenye gari alininong'oneza kwamba hataficha siri kama hiyo kwa mke wake, wala hatamwambia kwa niaba yangu.

Nilimwambia mama yule nje ya kliniki, wakati mumewe yuko ndani akinyoosha mguu. Alisikiliza akiwa ameshika usukani, gari limezimwa, jua linapiga kwenye kioo. Nilipomaliza akasema, "Kazini kwetu mtu akiandika presha ambayo hajapima, hata mgonjwa akipona, anaandikiwa makosa. Wewe uliandika wapi yako?" Nikasema sijaandika popote. Akasema, "Enda uandike." Hakuniita shemeji. Alishuka, akaingia kliniki, akaniacha ndani ya gari pamoja na makopo ya maji na viatu vyake vya kazini.

Nilirudi Riyadh nikaandika barua mbili. Ya mwalimu ilinichukua jioni nne. Ya bosi niliandika kwa Kiingereza, nikaipeleka mkononi. Aliisoma akiwa amesimama. Aliniuliza nani mwingine anajua, nikamtajia. Akasema taarifa imeshafungwa, mtu yu hai, matibabu yake yanaendelea. "Halas, yamekwisha," akasema, "mbona unaifukua?" Naamini alisema kwa huruma. Nikamwambia nimeshamwandikia mwalimu. Uso wake ukabadilika. Wiki iliyofuata nikarudishwa kwenye mitambo, picha yangu ikaondolewa ukutani pakabaki alama nne za gundi. Msaudi wa Abha alikuja chumba cha mashine, akasimama mlangoni. Akasema yeye ndiye aliyekuwa akinihimiza kwa baridi. Nikamwambia alihimiza, hakuandika. Akaniwekea mkono begani kidogo, akaenda zake.

Adhabu ile ilikuwa ndogo kiasi kwamba niliionea haya. Nilizipenda mashine zile. Kuzirudia kulikuwa kama kupumzishwa.

Jibu la mwalimu lilikuja baada ya wiki nyingi. Alisema amesikitika, na kwamba kosa la kwanza ni lake: alipokea namba kwa redio bila kuja kulitazama shimo. Fungu lake alilibeba waziwazi. Langu hakulichukua, wala hakujaribu kulipunguza. Alisema sasa hapokei kipimo cha mwanafunzi yeyote mpaka aonyeshwe mahali nguzo ilipokatika. Aliomba ruhusa ya kuwasimulia wanafunzi wake, bila kunitaja. Nilimpa.

Wale wawili waliamua kurudi Kenya mwaka uliofuata. Mkenya alinipigia, akasema wanahama, na kwamba anahitaji mtu wa kushusha maboksi. Nilichukua likizo ya siku mbili nikaenda Jeddah. Mkewe alinifungulia mlango, akanionyesha yapi yana vyombo na yapi yana nguo, lipi libebwe wima. Nilishuka na kupanda ngazi zile tangu asubuhi hadi alasiri. Alinipa chai yenye maziwa mengi, ya kwao, akaketi mkabala nami mpaka nikaimaliza. Tulizungumza kuhusu bei za mizigo na hali ya hewa ya Eldoret. Mumewe alishuka mwenyewe safari hii, hatua moja moja, mkono mmoja kwenye ukuta, mwingine kwenye gongo. Mimi nilitembea mbele yake, nyuma nyuma, mikono wazi. Hakunihitaji.

Sasa anafundisha huduma ya kwanza kwa vijana wa mbio kule kwao. Hunitumia ujumbe wa sauti, si mara nyingi. Huniambia habari za ng'ombe, za mvua, za mguu wake ambao hauipendi mvua. Nami humwambia za kompresa na za watu tunaowafahamu. Mara moja tu, kwa simu, nilimuuliza kama amenisamehe. Nikasikia jogoo na mtu akichota maji nyuma yake. Kisha akasema kuna asubuhi anaamka akiwa amenisamehe, na kuna asubuhi mguu unauma. Sijamuuliza tena.